Kwa Nini Kurumbiza Humalizia Nyimbo za Watu

Huyo anayeimba kwenye migomba mwacheni amalize kwanza. Leo ana mambo mengi: mara anaiga vyura, mara anaiga mchi kinuni, mara anapiga mluzi kama mtu anayemwita mbuzi aliyepotea. Siwezi kushindana naye kwa sauti, na nimeishi miaka ya kutosha kujua wakati wa kunyamaza. Haya, amehamia kwenye mpera. Sasa ni zamu yangu, na atakayenikatiza nitamtuma akachote maji.

Hapo kale, huyo kurumbiza mnayemsikia alikuwa bubu. Hakuwa na hata mlio wa kumtishia mjusi. Inasimuliwa kwamba siku ndege walipogawiwa sauti, kila mmoja alichagua yake upesi akaenda zake. Njiwa alichukua ya kunung'unika. Kunguru, kwa pupa yake, alinyakua ya kwanza aliyoiona, na hasara aliyoipata mnaijua. Kurumbiza yeye aliketi kusikiliza. Kila sauti iliyojaribiwa aliiona ndiyo nzuri kupita zote, kisha ikaja nyingine akaipenda hiyo zaidi, na alipozinduka hakukuwa na kilichobaki. Akaondoka na masikio yake tu. Akawa anazunguka kwenye nyua za watu, anaokota unga unaomwagika penye mawe ya kusagia, na anasikiliza.

Watu nao wakati huo walikuwa na desturi isiyo ya leo. Katika kijiji cha Irindi, kilichokaa mgongoni mwa mlima, kila mtu alikuwa na wimbo wake mmoja. Aliutunga mwenyewe alipoanza kujitegemea, na kila alipopata jambo kubwa maishani aliuongezea kipande. Aliuimba akilima, akisaga, akiteremka kwenda kufungua ndiva, yaani lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Ukiwa bado bondeni ulijua nani yuko shambani kwake na nani amebaki nyumbani. Hodi zenyewe zilikuwa hazina kazi, maana wimbo wa mtu ulikuwa umekwisha kufika kabla yake.

Lakini mtu alipofariki, wimbo wake ulikwenda naye. Siku ya nne baada ya mazishi watu walikusanyika mlangoni kwa marehemu, wakauimba mara moja ya mwisho, kisha wakakifudikiza chungu kipya kando ya kizingiti na kukifukia. Walisema wimbo umefunikwa. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuuimba, hata kwa mluzi. Waliamini kwamba marehemu yuko safarini, na akisikia wimbo wake nyuma yake atadhani anaitwa, atageuka. Akigeuka, hatafika alikokuwa anakwenda wala hatarudi alikotoka. Atabaki katikati, kwenye ukungu, akizunguka. Na ninyi niambieni, ni nani angependa kumfanyia mama yake hivyo?

Katika kijiji hicho aliishi mtu mmoja, Senkondo, mpigaji wa zeze. Msidhani alikuwa wa kualikwa kwenye ngoma na kulishwa mapaja ya kuku. Mikono yake iliganda mbele ya watu. Senkondo alipiga nyumbani, nyuma ya jiko, amekalia kigoda kando ya mfereji uliopitisha maji kwenye mihogo yake. Zeze lake lilikuwa la kibuyu kidogo chenye ufa uliozibwa kwa nta, na uzi wa mshipa wa ng'ombe. Kila jioni, akishaosha jembe, alikaa pale akapiga mpaka makande yalipoiva.

Naye alipenda kila kitu chenye sauti. Ndiyo ilikuwa raha yake na ndiyo ilikuwa taabu yake. Alipiga nyimbo za harusi na za kuvuna, nyimbo za wachungaji wa upande wa pili wa mlima ambao hata lugha yao hakuijua, nyimbo za wapitanjia waliolala kijijini siku moja tu. Alipiga vyura wa ndiva, wakubwa kwa kulegeza uzi na wadogo kwa kucha. Alipiga mvua ikianza kwenye majani ya mgomba. Mkewe, Namkunda, alikuwa akimcheka akimwambia siku moja atajaribu kupiga ukimya wenyewe, na Senkondo akajibu kwamba ameshajaribu, ila una sehemu ngumu.

Namkunda alikuwa msagaji mzuri na mwenye wimbo mfupi. Akisaga, kila mtu wa upande ule wa kijiji alimsikia:

Jiwe, nipe unga.
Moto, nipe chakula.
Mlima, nipe mvua.

Vipande vitatu, basi. Walipompata mtoto wao wa kwanza na wa pekee, binti waliyemwita Nakiete, Namkunda aliuongezea wimbo kipande cha nne. Lakini hicho hakukiimba kwa nguvu. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, ameinama juu ya jiwe, anakiimba chinichini kama anamnong'oneza mtu. Senkondo alikuwa akikisikia kupitia ukutani, nusunusu, akirudi na kuni. Aliwaza kwamba kipo tu, hakina haraka, atakijifunza vizuri siku moja. Mnaona jinsi watu tunavyowaza? Mtoto hajaanza hata kutambaa, homa ikamchukua Namkunda kwa siku tatu.

Siku ya nne walimfunika. Aliyeshika chungu alikuwa Semboja, mfunikaji wa nyimbo wa Irindi, mtu mrefu, mkali wa desturi, asiyekuwa na ubaya moyoni. Watu waliimba vipande vitatu walivyovijua. Kile cha nne hakuna aliyekiimba, maana hakuna aliyekijua, na Senkondo mwenyewe hakuweza kufungua kinywa. Chungu kikafukiwa. Mtoto akachukuliwa na shangazi yake wa bonde la pili aliyekuwa ananyonyesha, akakulia huko, akaolewa huko huko. Senkondo akabaki na mihogo, na mfereji, na zeze.

Miaka ikapita, kama kumi na minane. Wazee aliokuwa amezoea nyimbo zao walifunikwa mmoja mmoja, na vijana walitunga zao, nzuri tu, lakini zilikuwa nyingine. Jioni zilibadilika. Senkondo akipita mahali fulani njiani, vidole vyake vilijikunja vyenyewe kwa wimbo wa mtu aliyekuwa akilima pale zamani. Nyimbo zote zilikuwamo vidoleni, zimejaa kama mahindi ghalani, na hakuna hata mmoja alioruhusiwa kuutoa. Alikuwa akiwakumbuka watu mpaka kifua kinamuuma. Akifika nyumbani alipiga vyura, maana vyura hawana mfunikaji.

Basi mwaka huo Nakiete alipanda mlima na tumbo la miezi minane. Ilikuwa desturi mtoto wa kwanza azaliwe nyumbani kwa wazazi wa mama yake, na apokewe kwa wimbo wa bibi yake mzaa mama. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza duniani. Kama bibi alikuwa amekwisha fariki, mtoto alipokewa kimya. Watu walisimama kuzunguka kitanda, mikono imekunjwa, hakuna anayesema neno.

Jioni ya pili, wakila, Nakiete alimuuliza baba yake mama alikuwa anaimbaje. Hakuomba aimbiwe, alijua haiwezekani. Alitaka kuambiwa tu, kama ulikuwa wimbo wa haraka au wa polepole, kama ulipanda au ulishuka. Senkondo alitafuna tonge moja muda mrefu sana. Mwishowe akasema ulikuwa mfupi.

"Basi mwanangu atapokewa kimya," Nakiete akasema, "na mimi niliyemzaa sijui hata ni kitu gani amekikosa."

Akakusanya vyombo akaenda kuviosha. Neno hilo halikumtoka Senkondo.

Kesho yake jioni alikaa kwenye kigoda chake kando ya mfereji. Alitazama kushoto, alitazama kulia. Palikuwa na kurumbiza tu, anapekua majani makavu, na kurumbiza ni bubu, angemwambia nani? Senkondo akalegeza uzi mpaka ukawa wa kunong'ona. Kabla ya kuanza alisema kwa sauti ya chini: "Usigeuke, Mama Nakiete. Ni mimi tu, najaribu kukumbuka."

Akapiga kipande cha kwanza, cha jiwe. Akapiga cha moto. Akapiga cha mlima. Zeze likafika kwenye cha nne, likasimama. Hakukuwa na kitu. Alirudi mwanzo akaja tena mbio, akidhani labda atakiruka bila kufikiri, kama mtu anavyoruka mtaro. Akasimama pale pale. Miaka yote hiyo aliogopa kuuimba wimbo ule kwa ajili ya mkewe, kumbe huku nyuma wenyewe unamtoka taratibu, na hakuwa amejua. Aliweka zeze chini akalia, mtu mzima yule, kando ya mihogo yake.

Kila jioni akarudi. Alijaribu kukizungukia. Alipiga kwanza nyimbo zote za zamani alizozipenda, za waliofunikwa na wasiofunikwa, kwa uzi uliolegea, kisha vyura, kisha mvua, akitumaini kipande kile kitajitokeza katikati ya wenzake. Halafu alisema maneno yake ya kumsihi mkewe asigeuke, akapiga vitatu, akasimama. Na kurumbiza alisikiliza. Siku za mwanzo aliendelea kupekua majani. Siku ya nne aliacha kula. Siku ya sita alisogea mpaka kwenye ukingo wa mfereji, kichwa upande, koo linamtetema.

Sasa tieni akilini jambo hili. Ndege wa zamani waliishi sana. Kurumbiza huyu ndiye aliyekuwa akiokota unga chini ya jiwe la Namkunda, kila asubuhi, miezi ile yote aliyokuwa amembeba mtoto mgongoni. Kipande cha nne alikuwa anacho. Alikuwa nacho kizima, pamoja na nyimbo za jikoni zote za Irindi, ila hana mlango wa kukitolea. Na ninyi mnajua wimbo ulioachwa njiani unavyomsumbua mtu. Mwenzako akiimba akaacha kabla ya mwisho, unawashwa mpaka umalizie wewe. Kurumbiza aliwashwa hivyo siku saba mfululizo, vipande vitatu kisha hakuna, vipande vitatu kisha hakuna. Asubuhi ya nane koo lilishindwa kuvumilia, likafunguka.

Kulikuwa kunapambazuka. Senkondo alikuwa anafunga mkanda aende ndiva, maana ilikuwa zamu yake ya maji. Akasikia vyura mlangoni. Akashangaa, maana ndiva iko mbali. Vyura wakageuka kuwa mchi, mchi ukageuka kuwa mluzi wa wachungaji wa ng'ambo, kisha pakawa kimya kidogo. Halafu Namkunda akaanza kusaga. Jiwe. Moto. Mlima. Na bila kusimama, bila kutafuta, sauti ikaingia kwenye kipande cha nne, ikapanda polepole, ikakaa juu, ikashuka.

Senkondo aliketi pale pale alipokuwa. Maneno yalimrudia yote, na alipoyasikia kichwani mwake alijifunika uso kwa mikono miwili. Nakiete alikuwa amelala chumba cha pili. Hakutoka, na baba yake alidhani hakuamka.

Lakini ndege huyo, baada ya kungoja maisha yake yote, mnafikiri angeimba kidogo? Aliimba kwa nguvu mpaka akasikika bondeni. Kabla jua halijakausha umande, nusu ya Irindi ilikuwa uani kwa Senkondo, na mbele yao Semboja, na uso wake umekuwa rangi ya jivu. Watu waliutambua wimbo. Vipande vitatu vile waliviimba wao wenyewe juu ya chungu.

Semboja aliuliza ni nani amemfundisha ndege. Senkondo hakuficha. Alisema amepiga zeze, siku saba, kwa uzi uliolegea. Wanawake waliguna. Semboja akamuuliza kama anajua alichomfanyia mkewe, naye Senkondo akasema anajua, na kwamba kila siku alimsihi asigeuke.

Desturi ilikuwa na njia yake ya kupima jambo hilo. Jioni hiyo unga ulimwagwa mwembamba mbele ya kizingiti, ukasawazishwa kwa ufagio, watu wote wa nyumba wakaamriwa watumie mlango wa jikoni. Alfajiri unga ungetazamwa. Ukiwa safi, marehemu hajasikia kitu, na Senkondo angetozwa adhabu ya kuzibua mifereji. Ukiwa na nyayo za mtu, basi Namkunda amegeuka, yuko kwenye ukungu anaitafuta nyumba yake. Hapo zeze lingefukiwa, ndege angeuawa, na Senkondo angeteremka nyikani, asipande mlima tena maisha yake yote. Mjukuu wake angezaliwa bila wimbo na bila babu.

Senkondo hakujitetea. Jambo moja tu lilimwuma, nalo halikuwa nyika. Aliwaza kwamba kama kweli Namkunda yuko nje kwenye baridi, amepoteza njia kwa sababu ya mume asiyeweza kuvumilia, basi nyika ni adhabu ndogo. Alikaa na mawazo hayo mpaka akapitiwa na usingizi akiwa ameegemea ukuta.

Kulipopambazuka kurumbiza aliimba tena, vile vile, wimbo mzima. Watu walipofika alikuwa amekwisha nyamaza, yumo kwenye unga anadonoa, na kila anapozamisha kichwa unga unamshika juu ya macho. Aliporuka aliacha vijinyayo vyake kila mahali. Lakini katikati ya vijinyayo hivyo, mbele ya kizingiti, palikuwa na unyayo wa mtu. Unyayo mmoja, wa mguu wa kulia, wa mwanamke, umekanyaga kwa uzito. Na kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake.

Hapo wanawake walianza kulia kweli. Njia ya kwenda ndiva ni nyembamba na ina matope, watu hupanda mmoja nyuma ya mwenzake, wakitazama miguu iliyo mbele. Kila mtu mzima wa Irindi aliujua mguu wa Namkunda. Hakuna mwingine pale kijijini aliyekuwa na kidole kile. Semboja alipiga goti akautazama unyayo kwa karibu, kisha akasimama. Akanyoosha mkono apewe zeze. Senkondo alimpa. Hata hakuuangalia unyayo mara ya pili.

Nakiete alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. Alikuja taratibu akizunguka nyumba, kwa sababu ya uzito wake. Watu walimpisha. Alipofika penye unga alivua kiatu chake cha ngozi alichokuwa akikivaa kwa sababu ya miguu kumvimba, akainua mguu wa kulia, akauweka ndani ya ule unyayo. Ukaingia sawasawa, pamoja na kidole.

"Ni mimi niliyetoka," akasema. "Nilisikia wimbo, miguu ikaenda yenyewe. Sikuwahi kuusikia kabla ya jana, lakini kile cha mwisho nilikuwa nakijua. Sijui nimekijulia wapi."

Semboja aliutazama mguu ule, akamtazama binti usoni, kisha akatazama mguu tena. Alikuwa mtu wa desturi tangu ujana wake, na desturi ilisema ukiimba wimbo wa marehemu atageuka arudi mlangoni kwake. Na kweli, mlangoni palikuwa na mguu wa Namkunda, umesimama kwenye unga, una joto, una damu, unabeba mtoto. Hakuna aliyepotea kwenye ukungu. Aliyekuja ni yule aliyebaki.

Senkondo ndiye aliyezungumza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Akamwambia binti yake kwamba alikijulia mgongoni kwa mama yake. Kile cha mwisho hakikuwa cha kijiji, kilikuwa cha kwake yeye, naye ndiye pekee aliyeimbiwa, yeye na ndege. Nakiete akaomba maneno yake. Baba yake alimtazama Semboja. Semboja alimrudishia zeze, akaketi chini palepale kwenye udongo, mtu mrefu yule, akakunja miguu kama mtoto.

"Senkondo," akasema, "nimefunika nyimbo za watu thelathini na mmoja. Wa mama yangu nao nimeufunika kwa mikono hii. Je, unaukumbuka?"

Senkondo alikaza uzi, maana sasa hapakuwa na haja ya kunong'ona. Akapiga wimbo wa mama yake Semboja, wote, na Semboja akalia bila kujificha. Mtu mwingine akaomba wa kaka yake. Mwingine akaomba wa babu. Jua lilipanda, mahindi hayakupaliliwa, ndiva ilijaa ikamwagika kwa kukosa wa kuifungua, na hakuna aliyelalamika. Pale Senkondo alipokwama, kurumbiza aliyekuwa juu ya paa alimalizia.

Mtoto alizaliwa baada ya siku kumi na moja, asubuhi, mvua ikinyesha. Alikuwa wa kike. Mkunga alikuwa mke wa Semboja, ndiye aliyemfuta na kumweka mikononi mwa mama yake. Watu walisimama kuzunguka kitanda, mikono imekunjwa kwa mazoea. Nje, chini ya upenu, zeze likaanza. Nakiete akaimba, na vipande vitatu vya mwanzo watu walimsaidia, lakini cha nne walimwachia peke yake:

Nawe wangu, kaa kidogo nikutazame.

Na tangu siku hiyo, huku milimani nyimbo hazifunikwi tena. Mtu akifariki, siku ya nne wimbo wake huimbwa, na mtoto au mjukuu hupewa auchukue aende nao. Chungu kipya bado huletwa, kwa sababu watu hawaachi desturi yote kwa mkupuo mmoja, lakini hakifudikizwi. Huwekwa wazi uani, mvua ikijaze maji, ndege waje wanywe na kuoga.

Na tangu siku hiyo kurumbiza ana sauti, lakini hana wimbo wake. Ana za wote. Ndiyo maana hakai msituni kama ndege wengine, anakaa kwenye nyua zetu, karibu na jiko. Ndiyo maana huimba alfajiri watu wanapoamka na jioni watu wanapoosha majembe. Mtazameni vizuri akishuka: ule mstari mweupe juu ya jicho ni unga wa kizingitini kwa Senkondo, haujawahi kufutika. Na mkitaka kujua kama nawadanganya, pigeni mluzi wimbo wowote muuache katikati, mkae kimya. Atahangaika huko juu, atatapatapa, kisha atawamalizia.

Chungu kile pale kando ya mlango, chenye mdomo uliomeguka, ni cha mama yangu. Huwa nakijazia maji wakati wa kiangazi. Wimbo wake una vipande sita, nami nazeeka, cha tano kimeanza kunipotea. Ndicho alichokuwa anakiimba huyo kwenye migomba mlipoingia, ndiyo maana niliwaambia mwacheni amalize.